Maji ya Sebuleni kwa Bi Mwamini

Kabla hujanunua kioo, kanunue ndoo. Najua hampendi kusikia hivyo. Mnanijia hapa Kilosa na simu mkononi, mnanionyesha video ya tangi la samaki lenye taa za buluu, samaki wanapita taratibu kama maharusi, halafu mnaniuliza, Mama Stella, hili linataka kioo cha ukubwa gani? Nami nauliza ndoo yako iko wapi. Mnacheka. Chekeni tu, mkimaliza mkae chini, maana samaki hawaishi kwenye kioo. Wanaishi kwenye maji yanayotembea, na kazi ya kuyatembeza inafanyika ndani ya ndoo.

Mimi ni fundi pampu mstaafu. Miaka yangu ya kazi niliimalizia Mikumi, kwenye hoteli moja ya watalii, na kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo moja: maji yatoke kisimani, yapande kwenye matangi, yashuke vyumbani, mgeni afungue bomba asinikumbuke. Ukikumbukwa, ujue umeharibu. Siku za mwanzo watu walikuwa wananipita na mkoba wangu wa spana wanakwenda kumtafuta fundi. Nawaacha wazunguke, wakirudi wamechoka nawauliza, mnataka maji au mnataka mwanaume? Wengi walitaka maji.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Kalinga, fundi mkuu wa pale, mtu wa milima ya Vidunda, mfupi, mpole wa sauti na mkali wa macho. Nilipoanza kazi alinipa nimchoree mabomba ya jikoni. Nikachora, nikaweka na mishale, nikajiona bingwa. Akaitazama karatasi muda mrefu, akanirudishia. Akasema, "Umenionyesha maji yatapita wapi. Nenda kanionyeshe yatakwama wapi."

Basi hayo ndiyo masomo yangu yote, na mengine ni kukaza nati. Ninyi kila mnaponieleza mtambo wenu mnanieleza siku ambayo kila kitu kinafanya kazi. Umeme upo, pampu mpya, mabomba safi. Siku hiyo haihitaji fundi! Nieleze siku umeme umekatika wakati wewe uko sokoni.

Wakati ule bomba letu moja pale hotelini lilifukiwa juujuu, kwa sababu vibarua walikuta mwamba wakaona uvivu. Tembo akanusa. Tembo hana haja ya spana, ndugu zangu. Aliling'oa bomba kama mtu anayeng'oa muhogo, akanywa, akaita na wenzake. Meneja akataka ukuta. Mzee Kalinga akasema ukuta ni wa kumpinga tembo na kiu yake pamoja, huwezi. Akatuchimbisha birika mbali na majengo, akavuta bomba la kufurikia kutoka tangi kubwa, yale maji yanayozidi tangi likijaa yakawa yanakwenda kule. Tembo wakahamia birikani, wageni wakapata picha, meneja akajisifu kwamba lilikuwa wazo lake. Nililolishika mimi ni kwamba maji yanayozidi uyape mahali pa kwenda mapema, la sivyo yatajichagulia.

Kwenye matangi ya samaki niliingia kwa ajali. Kwenye mapokezi ya hoteli kulikuwa na tangi zuri la samaki lenye mtambo kutoka nje, mtambo ukafa, na spea hakuna. Samaki wakaanza kupandisha midomo juu wakitafuta hewa. Nikachukua ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri, kipande cha sponji ya godoro, kokoto, pampu ndogo ya bustani. Mpaka jioni maji yalikuwa yanazunguka. Tangu hapo wenye migahawa ya pale Mikumi, barabarani wanaposimama wasafiri, wakawa wananiita. Sponji iwe ya godoro jipya lakini. Yupo mmoja aliyekata godoro la zamani la watoto, na sihitaji kuwaeleza maji yalinukaje.

Mzunguko wenyewe ni huu, sikilizeni vizuri nisirudie. Tangi la kioo liko juu ya meza imara, ndoo iko chini ya meza. Kwenye tangi, chini kidogo ya ukingo, unatoboa tundu. Kioo mkitoboe kabla ya kukiunga kwa gundi, kwa drili yenye kichwa cha kutobolea vigae, polepole, mwenzako akimwagia maji, na msiongee. Maji yakifika usawa wa tundu yanatoka yenyewe, yanashuka kwa bomba mpaka kwenye ndoo. Ndani ya ndoo yanapita kwenye sponji na kokoto, uchafu unabaki. Chini kabisa ndani ya ndoo kuna pampu ndogo, inayasukuma kwa mpira kurudi juu. Yanashuka kwa uzito wake, yanapanda kwa umeme. Hakuna kingine.

Pampu isiwe kubwa. Kuna bwana mmoja wa mgahawa alifunga pampu ya kumwagilia bustani ya nyanya, akaniita kwa fahari nije kuona. Samaki wake walikuwa wanaogelea kwa nguvu zao zote na hawaendi popote. Nikamwambia, baba, hao hawafugwi, wanaadhibiwa. Akaona haya, akabadilisha.

Na ile sponji ikishika utelezi, usiifue kwa sabuni. Narudia, kwa sababu najua mlivyolelewa. Sisi watu wa huku mgeni akija tunafua mpaka mapazia ya choo. Dada wa usafi pale hotelini, mtu mwema kabisa, alisikia wakubwa wanakuja akaitoa sponji akaipiga sabuni na dawa ya kung'arishia mashuka. Ikawa nyeupe pe. Siku chache baadaye samaki wakaanza kufa mmoja mmoja. Ule utelezi ndio unaokula sumu ya kinyesi cha samaki, ni viumbe hai wale, ukiwaua umebaki na godoro. Suuza kwa maji ya tangi lenyewe, kamua, rudisha. Na maji ya bomba yalaze kwanza kwenye ndoo wazi, dawa ya bombani iondoke.

Haya. Sasa nimwingize Rehema, kwa sababu ndiye aliyenifanya niyaseme yote haya.

Rehema ni jirani yangu hapa mjini, binti mwerevu, mikono yake haitulii. Ameolewa na Shabani, mfanyabiashara wa mchele, na wanaishi na mama mzazi wa Shabani, Bi Mwamini. Bi Mwamini ni mtu wa kijiji cha Tindiga, amelima mpunga maisha yake yote. Hakuja mjini kwa kupenda. Mafuriko yalimbomolea nyumba, yakabakiza sakafu na mlango mmoja ulionasa kwenye mti, na mwanawe akamfuata akamleta kwake.

Rehema alijitengenezea tangi akiangalia video. Nalisifu, gundi ilikaa vizuri kuliko ya mafundi wengi. Lakini mpira wa kurudishia maji aliushusha mpaka chini kabisa ya tangi, kwa sababu eti uliharibu sura ukionekana. Umeme ukikatika, mpira kama huo unageuka. Ulikuwa unapandisha, unaanza kunyonya kuyashusha, na utanyonya mpaka hapo mdomo wake ulipo. Yeye alilijua hilo, akaweka valvu ya kuzuia maji yasirudi, kama video ilivyosema. Mchanga aliutoa mtoni, hakuuosha vya kutosha, punje ikakaa kwenye valvu ikaizuia kufunga. Umeme ukakatika alfajiri. Tangi lote likashukia kwenye ndoo, ndoo ikajaa, yaliyobaki yakaenda sakafuni, na samaki wakawahiwa kwa beseni.

Chumba cha Bi Mwamini kinapakana na sebule. Aliamka kwa ajili ya swala, akashusha miguu, akakanyaga maji.

Walimkuta amesimama juu ya kitanda, ameshika mbao ya dari kwa mikono miwili. Shabani alimbeba kumshusha. Kulipokucha akafunga nguo zake, akasema anarudi Tindiga. Na masika yalikuwa yanakaribia, mawingu tunayaona kila siku yakijikusanya juu ya milima. Kule anakorudi hakuna nyumba, kuna ile sakafu tu.

Mnaweza kusema, si walitupe hilo tangi? Rehema alilia akasema atalivunja kwa mikono yake. Bi Mwamini akakataa. Alisema likivunjwa kwa ajili yake, basi katika nyumba hiyo yeye atakuwa mgeni wa kufichiwa vitu, na hawezi kuishi hivyo. Tena hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililomtisha Shabani. Mama akigomba utambembeleza, lakini huyu alikuwa ametulia, ameshaamua, anasubiri tu mtu wa kumpa lifti.

Wakanijia wote wawili, mke na mume, wanataka niende nikaongee naye, mtu mzima kwa mtu mzima. Niliwakatalia. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na huwezi kumtoa mshtuko kwa hotuba. Nikasema nitakuja, lakini nitakuja na mkoba wa spana.

Nilipofika nilimpa shikamoo, kanizidi miaka kadhaa. Akaitikia marahaba, akautazama mkoba wangu. Akauliza ni mimi ndiye wa pampu za Mikumi. Nikasema ndiye. Akasema, basi kaa.

Sikuanza kufungua kitu. Nilimwomba Rehema atandike mkeka pale pale sebuleni, nikaanza kumweleza Bi Mwamini, si Rehema, mtambo unavyokwenda. Nikamwambia hili tangi ni jaruba. Hapo akageuza shingo. Ninyi wa mjini, jaruba ni kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa tuta ili maji yasimame. Nikamwambia hili tundu la juu ni pale mnapokata tuta. Akasema ndiyo, ukitaka maji yafike kifundoni, unakata tuta kwa urefu wa kifundo, yakizidi yanakwenda kwa jirani. Nikamwambia jirani ndiyo hii ndoo. Akatingisha kichwa taratibu. Rehema alikuwa anatutazama kama watu wanaoongea lugha ya kwao.

Nikamwonyesha kosa lilipokuwa. Nikaupandisha mpira wa kurudishia maji mpaka mdomo wake ukawa chini kidogo tu ya uso wa maji, na juu ya mdomo huo nikatoboa kitundu kidogo. Mnisikilize hapa, valvu usiiamini, amini kitundu. Umeme ukikatika, mpira utanyonya, maji ya tangi yatashuka kidogo, kitundu kitatoka hewani, hewa itaingia, na mnyonyo utakatika papo hapo. Kitundu kizibuliwe mara kwa mara kwa kijiti cha meno. Halafu chini kwenye ndoo unaacha nafasi tupu ya kutosha kupokea hayo yatakayoshuka, na unaweka alama kwamba mtambo ukiwa unatembea maji ya ndoo yasivuke hapa.

Nikajifuta mikono. Nilikuwa nimeridhika, sifichi. Bi Mwamini alikuwa anaangalia tundu la juu.

Akauliza, "Na hili likiziba?"

Rehema akasema litaziba na nini, mama, si nimeliwekea wavu. Bi Mwamini akamjibu kwamba kwenye tuta lake kulikuwa na vijiti vya kuzuia takataka, na kambare alikuja akalala pale pale, asubuhi jaruba zima likavunjika. Mzee Kalinga amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na pale niliona kama amekaa nami mkekani. Swali lilikuwa lake kabisa.

Maana ni kweli. Tundu la juu likiziba na konokono au jani, umeme upo, pampu haijui. Itaendelea kuchota kutoka ndoo kupeleka juu mpaka tangi lifurike ukingoni. Umeziba mafuriko ya umeme kukatika, umeacha mafuriko ya umeme kuwepo.

Dawa yake ipo, na ni tofali. Niliiinua pampu, nikaikalisha juu ya kipande cha tofali lililochomwa ndani ya ndoo. Sasa pampu inaweza kuchota maji yaliyo juu ya tofali tu, yakifika usawa wake inanyonya hewa, inanguruma, inakoma kupandisha. Kisha nikapima kwa kuchota na kumimina kwa kopo: maji hayo ya juu ya tofali lazima yaenee kwenye nafasi tupu iliyobaki kati ya tundu na ukingo wa tangi. Hayakuenea. Ndoo ilikuwa pana mno. Nikamtuma Rehema akatafute nyembamba, tukahamisha kila kitu, nikapima tena, yakaenea.

Liandikeni hili popote mnapoandika mambo yenu. Maji ya juu yanayoweza kushuka yawe na nafasi chini. Maji ya chini yanayoweza kupanda yawe na nafasi juu. Ukikosa moja, huna mtambo, una ajali inayosubiri. Na pampu ikinyonya hewa sana itaungua, ndiyo. Iungue! Pampu nyingine utapata.

Tukiwa tunangoja maji mapya yatulie, Bi Mwamini akaanza kuzungumza mwenyewe. Alisema watu wanamwuliza kwa nini hakukimbia siku ile, na kwamba wanadhani mafuriko yanakuja na mshindo. Mtoni labda. Kwake Tindiga hayakuja na sauti. Maji aliyokuwa anayalinda maisha yake yote, anayafungulia na kuyafungia kwa jembe lake, yalipanda tu, kimya, akiwa amelala, na alipoyajua yalikuwa yamefika kwenye godoro. Shabani alikuwa amesimama mlangoni. Nadhani hakuwahi kuyasikia hayo, maana alitoka nje haraka, akakaa huko.

Mtambo ukawa tayari. Rehema akaenda kwenye swichi ya ukutani kuujaribu. Nikamzuia. Nikamwambia Bi Mwamini, hapa kuna swichi na hapa kuna kitambaa, fanya unavyotaka. Vunja ukiweza.

Alisimama pale swichini kwanza bila kugusa. Kisha akazima. Pampu ikanyamaza. Maji ya tangi yakashuka kidogo, kitundu kikavuta hewa, mnyonyo ukakatika. Kwenye ndoo maji yakapanda, yakakaribia ukingo, yakasimama. Alikuwa ameinama anayaangalia, mkono mmoja ameshika meza. Akawasha. Akazima tena. Akawasha, akazima, mpaka Rehema akanitazama kwa wasiwasi wa swichi yake, nikamkonyeza anyamaze.

Halafu akachukua kitambaa, akakisokota, akaziba tundu la juu kwa nguvu kabisa, kama mtu mwenye kisasi. Tangi likaanza kujaa. Shabani alikuwa amerudi, anaangalia na yeye. Maji yakapanda juu ya tundu, yakaendelea, yakakaribia ukingo wa kioo. Chini ya meza pampu ikanguruma, ikakohoa hewa. Maji yakasimama, unene wa kidole chini ya ukingo.

Nilizima pampu mwenyewe, ina haki zake nayo. Bi Mwamini akavua kandambili. Akatembea pekupeku kuzunguka meza, akipapasa sakafu kwa nyayo, pole pole, nyuma ya ndoo, pembeni, mpaka mlangoni pa chumba chake. Pote pakavu. Akarudi, akachomoa kitambaa, akakikamulia ndani ya ndoo, akaniomba niwashe.

Maji yakaanza tena kushuka, ule mshuko wake wa kuongea kwa sauti ya chini. Rehema akawahi kusema kwamba sauti hiyo inapunguzika, ukiweka bomba lizame kidogo kwenye ndoo huisikii kabisa, mama asiwe na shaka, hatasumbuliwa.

"Usiipunguze," Bi Mwamini akasema. "Na hapa si mahali pa tangi hili. Mliweke chumbani kwangu, karibu na kichwa. Nikiyasikia yanatembea, nitajua hayapandi."

Mimi nilijikuta nafuta macho kwa kitambaa cha grisi, nikajipaka uso mzima, na wakanicheka.

Wakataka kulinyanyua tangi pale pale, lina maji, samaki wamo. Nikawakemea. Tangi lenye maji halihamishwi, kioo kitapasuka hata mkiwa kumi. Linamwagwa kwanza, lote, kwa ndoo. Basi wakaleta ndoo, na Bi Mwamini akakunja mikono ya gauni lake akawa wa kwanza kuchota.